Waridi la jangwani: majani tele, maua hakuna, na sasa tumbo linabonyea

kibaraza_tabata

Wakuu, salaam. Nina waridi la jangwani (adeniamu) lililonunuliwa kwa wauza miche wa barabarani hapa Dar likiwa na maua mekundu. Liko kwenye ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye matundu mawili chini. Chini kabisa kuna tabaka la kokoto la vidole vinne, juu yake udongo mweusi wa bustani na samadi ya ng'ombe, nusu kwa nusu. Linakaa barazani, upande wa mashariki, linapata jua mpaka kama saa tatu asubuhi, baada ya hapo ni kivuli. Maji kikombe kimoja kila jioni, na masika yote hii mvua ya upepo ilikuwa inalifikia pia.

Hali ilivyo: matawi ni marefu na membamba, majani mapana ya kijani kilichokolea, lakini ua halijaonekana tangu mwaka jana. Wiki hii nimebonyeza lile tumbo la chini (shina nene lililovimba), upande mmoja unabonyea kama parachichi lililoiva. Majani ya chini yanageuka njano na kudondoka.

Naomba kujua: hii ni kiu au kuoza? Nifanyeje litoe maua? Na nikikata hayo matawi marefu nitapata miche mingine? Picha imegoma kupanda, samahani.

fundi_miche

Mkuu, acha maji leo hii. Mengine yatafuata.

Kiu na kuoza vinatofautiana, na vyote viwili vinafanya tumbo lilegee, ndiyo maana watu wengi wanamwagilia mti unaooza wakidhani una kiu. Wenye kiu unalegea tumbo zima kwa usawa, ngozi inakunjamana kidogo, na ukichomeka kijiti cha mshikaki mpaka chini kinatoka kikavu. Ukiupa maji ya kutosha, tumbo linakuwa gumu tena ndani ya siku mbili tatu. Unaooza unalegea mahali pamoja. Ngozi ya hapo inaweza kuonekana nzima kabisa ila chini yake kuna majimaji, rangi inaelekea hudhurungi, ukikwaruza kuna harufu mbaya. Majani yanadondoka yakiwa bado na maji ndani yake. Kwa maelezo yako, upande mmoja, udongo mweusi, maji kila jioni na mvua juu yake, huo umeoza. Usisubiri kesho kutwa, kwa sababu uozo unapanda na ukishazunguka tumbo lote hakuna cha kuokoa zaidi ya matawi.

Vaa glavu kwanza. Utomvu wa adeniamu ni sumu ya moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huutumia kutengenezea sumu ya mishale, kwa hiyo usijifute jicho, usikate kwa kisu cha jikoni, na mabaki usiyaache mahali ambapo mbuzi au mtoto atayafikia.

Ng'oa mti wote, kung'uta udongo, osha mizizi kwa maji ya bomba ili uone unachofanya. Mizizi myeusi inayochubuka ngozi ukiivuta, kata yote. Kisha chukua kisu chenye makali kilichopanguswa kwa spiriti na uanze kuchonga ile sehemu laini. Pangusa kisu kwa spiriti kila baada ya mkato, la sivyo unahamisha uozo kwenye nyama nzima. Endelea kuchonga mpaka uone nyama nyeupe au ya maziwa, ngumu, isiyo na doa wala mshipa wa hudhurungi. Hapa ndipo watu wanapoonea mti huruma na kuacha kidoa kidogo, halafu wiki mbili baadaye kidoa kimekula tumbo zima. Kidonda kichonge kwa mteremko kuelekea nje na chini ili maji yasije kutuama kwenye shimo.

Paka unga wa salfa, au dawa ya ukungu yenye shaba au mankozebu ikiwa kavu, unapakwa mpaka kidonda kisionekane. Ukikosa vyote, mdalasini wa unga au mkaa uliotwangwa laini unasaidia kukausha, ingawa sio dawa ya kutegemea kwenye kidonda kikubwa. Uweke mti kivulini penye upepo, juu ya waya au kichanja, usiulaze sakafuni. Kidonda kidogo siku 7, kikubwa kuliko kizibo cha soda siku 10 mpaka 14. Usiogope kuona tumbo limenywea kipindi hicho. Mti huu hukaa wiki kadhaa bila udongo na haufi.

Kwa vile mizizi imepungua, punguza na majani, zaidi ya nusu. Kidonda kikikauka, panda kwenye udongo mkavu na usitie tone la maji kwa siku 7 zaidi.

mchanga_mkubwa

Naunga mkono hayo yote. Niongezee kuhusu udongo, maana ukiurudisha kwenye ule ule tutakutana hapa tena masika ijayo.

Zile kokoto za chini zinakudhuru. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ule wa juu yake uwe umelowa kabisa, kwa hiyo kila chombo kina ukanda wa chini ambao haukauki upesi. Kwa kuweka vidole vinne vya kokoto umeuinua ukanda huo ukausogeza kwenye mizizi na tumbo. Mchanganyiko uwe mmoja kuanzia chini hadi juu, na kwenye matundu weka kipande cha wavu wa dirisha tu, udongo usimwagike.

Mchanganyiko unaofaa Pwani, kwa kipimo cha kopo lolote:

makopo 4 ya kokoto ndogo za milimita 3 hadi 8 (matofali ya kuchoma yaliyopondwa yanafaa sana, ukiwa Arusha au Moshi tumia changarawe ya volkano),
makopo 2 ya mchanga mkubwa wa mtoni,
makopo 2 ya vumbi la makumbi ya nazi,
kopo 1 la mkaa uliopondwa ukubwa wa punje za mahindi,
kopo 1 la samadi iliyooza muda mrefu, isiyo na harufu wala joto.

Chekecha kila kitu kwa wavu wa mbu na utupe vumbi linalopita, hasa la matofali. Vumbi ndilo linaloziba nafasi za hewa. Mchanga wa baharini usitumie hata ukiusuuza: una punje nyembamba mno, na chumvi yake ni ya kuunguza ncha za majani. Vumbi la makumbi nalo lina chumvi, loweka usiku kucha, kamua, rudia mara ya pili.

Jaribio: jaza chungu, mwaga lita moja ya maji kwa mkupuo. Yanatakiwa yazame mara moja na yaanze kutoka chini kabla hujaweka kopo chini. Yakisimama juu na kutengeneza dimbwi, ongeza kokoto.

Ndoo ya lita 10 ni ndefu mno kwa mti wa umri huo. Tafuta chungu cha udongo kipana na kifupi, kinachozidi tumbo kwa vidole vitatu kila upande, kina cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha. Matundu matano ya kupitisha kidole gumba. Kiinue juu ya vipande vitatu vya tofali, kwa sababu chungu kilichokaa bapa sakafuni kinajiziba chenyewe.

Kikombe kila jioni kiache kabisa. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usiguse tena mpaka kijiti kitoke kikavu. Kwa udongo huu, Dar, wakati wa kaskazi na jua kali itakuwa kila siku 2 au 3. Kipupwe, mwezi wa sita mpaka wa nane, kila siku 7 hadi 10. Masika, mvua ikishika, usimwagilie, na kama una paa la kuusogezea mti, usogeze.

fundi_miche

Hapo kwenye samadi natofautiana na wewe kidogo. Mti uliotoka kuchongwa kidonda usipewe samadi hata kopo nusu kwa miezi mitatu ya kwanza. Samadi inashika maji na ina vimelea vingi. Weka hilo kopo la mkaa mara mbili badala yake, mbolea itakuja baadaye. Kwa mti mzima, sina ubishi.

mchanga_mkubwa

Kweli, kwa huu wa kidonda, toa samadi.

kibaraza_tabata

Ahsanteni sana. Nimeung'oa na kuchonga. Uozo umekula kama theluthi moja ya tumbo, upande wa nyuma, lakini nyama iliyobaki ni nyeupe na ngumu. Nimepaka dawa ya shaba. Nimegundua kitu kingine: juu ya tumbo kuna kovu la kuzunguka, na matawi mawili marefu kuliko yote yanatokea chini ya hilo kovu. Ina maana gani?

binti_mvita

Ina maana mti wako umebebeshwa, kaka. Wauzaji wengi hufanya hivyo: wanaotesha mbegu ya kawaida ipate tumbo zuri, halafu wanabebesha juu yake kikonyo, yaani kipande cha tawi, cha aina yenye maua ya rangi wanayotaka. Chochote kinachochipua chini ya kovu ni cha ule mti wa mbegu, na kwa kawaida maua yake ni ya waridi iliyopauka. Matawi hayo yana nguvu kuliko kikonyo na yanakipokonya chakula. Hii ni sababu mojawapo ya kutoona yale mekundu. Yakate mpaka kwenye tumbo, usiache kisiki, na kila yakichipua tena uyang'oe yakiwa madogo kwa kidole gumba (na glavu).

Lakini sababu kubwa ni jua. Jua la mpaka saa tatu ni masaa mawili au matatu. Adeniamu inataka sita kwenda juu, tena la moja kwa moja. Asili yake ni sehemu kavu, kuanzia Sahel mpaka Afrika Mashariki na kusini mwa Arabuni, kwenye mawe na vichaka vya chini ambako hakuna wa kuiwekea kivuli. Ikikaa barazani inarefusha matawi kutafuta mwanga na kutanua majani, ndiyo hayo unayoyaona. Hakuna mbolea itakayoziba pengo hilo.

Usiupeleke juani siku moja, hata hivyo. Ngozi ya tumbo iliyozoea kivuli inaungua, inatoka baka la rangi ya majivu ambalo baadaye linapasuka na kuwa mlango wa uozo. Ukishaanza kutoa majani mapya, wiki ya kwanza ongeza saa moja ya jua la asubuhi, wiki ya pili mpaka saa sita mchana, wiki ya tatu uache hapo hapo juani. Weka alama ya chaki kwenye chungu, upande unaotazama jua, ili ukiusogeza kupisha mvua uurudishe vile vile. Na kumbuka mwezi wa sita na wa saba jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini hautafaa hata kama mwezi wa kwanza ulikuwa unawaka.

Kupogoa: maua yanatoka kwenye ncha za matawi machanga. Tawi moja refu ni ncha moja, ni kishada kimoja. Ukilikata linachipua matawi mawili mpaka manne, ncha zinaongezeka. Kata kila tawi libaki sentimita 8 hadi 12 kutoka kwenye tumbo (kwako, kutoka kwenye kovu), mkato uwe wa mshazari, juu kidogo ya alama ya jani inayotazama nje, ili tawi jipya lielekee nje na katikati pabaki wazi. Pangusa utomvu kwa karatasi, paka dawa ya ukungu, usiloweshe mikato kwa siku 5. Machipukizi yanaonekana baada ya wiki mbili tatu, maua kati ya miezi miwili na minne kutegemea joto na jua.

Ila wewe usipogoe sasa. Mti wenye kidonda chini ukiukata na juu unauchosha. Subiri mwezi wa nane mwishoni, joto likianza kurudi, ukiwa umeshika mizizi. Hapo maua utayapata kaskazi ikiingia.

Mbolea baada ya hapo: NPK 17:17:17, nusu kijiko cha chai kwa chungu cha upana wa sentimita 25, kila wiki nne, ikinyunyizwa pembeni mwa chungu juu ya udongo uliokwisha kumwagiliwa. Majani mapya yakishakomaa badilisha uweke yenye potasi nyingi kuliko naitrojeni. Urea na CAN, mbolea za naitrojeni, ziache kwa wakulima wa mahindi. Zinatoa majani mazuri ya kujivunia na tumbo laini lenye maji, halafu masika likija linaoza.

mama_miche_kigamboni

Dada Binti, na vichipukizi vya maua vikitokea halafu vikakauka vikiwa vidogo kama punje ya mpunga? Nampulizia maji ya sabuni ya unga ya kufulia kila wiki, wapi.

binti_mvita

Mama, sabuni ya unga iache, ina magadi na inaunguza hizo ncha changa. Inawezekana ndiyo inayokausha.

Vichipukizi vya maua kukauka kuna sababu tatu za kawaida. Ya kwanza ni vithiripi, wadudu wembamba ambao macho yanawaona kwa shida. Vua kichipukizi kimoja, kikung'ute juu ya karatasi nyeupe, ukiona vistari vya njano au vyeusi vinatembea ndio hao. Ya pili ni kiu ya ghafla wakati maua yanafanyika. Ukishaona vichipukizi usiuache mti ukauke mpaka tumbo lilegee. Ya tatu ni kuhamishwa kutoka juani kwenda kivulini ili wageni wauone. Wengi wanafanya hivyo na ndani ya wiki maua yanapukutika.

Kwa vithiripi na vidukari tumia mafuta ya mwarobaini mililita 5 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, pamoja na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ili yachanganyike. Puliza jua likizama, chini ya majani pia, kila siku 5, mara tatu mfululizo. Puliza juani na mafuta yatakaanga majani. Vidung'ata, wale weupe wa pamba, wanapenda kujificha kwenye maungio ya matawi na kwenye mizizi: wa juu waguse kwa pamba iliyolowekwa spiriti, wa mizizini itabidi uung'oe mti, uoshe na ubadilishe udongo. Majani yakiwa na vidoa vidogo vidogo vyeupe na utando mwembamba chini yake, huo ni utitiri mwekundu, unakuja wakati wa ukame na vumbi. Osha chini ya majani kwa maji ya nguvu siku tatu mfululizo kabla hujafikiria dawa.

Ukikuta majani yameliwa usiku mmoja mpaka vikonyo, tafuta kiwavi mnene wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu karibu na kichwa. Ni wa nondo wa oleanda, na sumu ya mti huu haimsumbui hata kidogo. Mtoe kwa mkono. Majani yatarudi.

bustani_ya_roysambu

Nyongeza kwa walio Nairobi na sehemu za baridi, kwa sababu ratiba za Dar na Mombasa zitawaua miti.

Usiku wa mwezi wa saba huku unashuka mpaka nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi. Adeniamu ikifika hapo inalala: majani yanakuwa njano na kupukutika yote, na mizizi haivuti maji. Ukimwagilia ratiba ya kawaida, yanabaki kwenye udongo baridi na tumbo linaoza bila mvua. Majani yakianza kupukutika mwezi wa sita punguza hadi mara moja kwa wiki tatu, nusu ya kiasi, saa nne asubuhi siku yenye jua, au usitie kabisa kama mti una tumbo kubwa. Uweke kwenye ukuta unaotazama kaskazini, juu ya saruji inayohifadhi joto, chini ya mabati angavu kama yapo. Kubadilisha chungu na kupogoa ni kuanzia katikati ya mwezi wa tisa. Pumisi (mawe mepesi ya volkano) inapatikana kirahisi huku, ya kutoka upande wa Naivasha; iwe nusu ya mchanganyiko mzima na samadi iondoke.

Na tusidanganyane, maua ya Nairobi hayatakuwa mengi kama ya Malindi.

seeb_muscat

Assalaam alaykum. Sisi huku Oman taabu yetu ni kinyume. Miti ya mwituni iko Dhofar, kwenye majabali karibu na Salalah, na huko huchanua ikiwa haina majani kabla ya Kharif, msimu wa manyunyu na ukungu, kuingia. Muscat hatuna Kharif. Kiangazi kinapita nyuzi 40, na chungu cheusi cha plastiki juani kinapika mizizi ya upande wa magharibi. Tumbo linalegea, mtu anaongeza maji, maji ya moto yanamaliza kazi. Tumia chungu cheupe au cha udongo, au kiweke chungu ndani ya chungu kikubwa zaidi na katikati ujaze changarawe. Mwagilia alfajiri. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane kivuli cha wavu wa asilimia 30 baada ya saa sita mchana hakizuii maua.

Jengine ni chumvi ya maji. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na ncha za majani zimekauka hudhurungi, mara moja kwa mwezi pitisha maji mengi, mara tatu ya ujazo wa chungu, yatoke yote chini. Na mbolea nusu ya kipimo alichotaja Binti.

kibaraza_tabata

Nashukuru wote. Bado lile la miche. Hayo matawi mawili ya chini ya kovu nimeyakata, yana urefu wa mkono. Je, yatashika?

fundi_miche

Yatashika, lakini ujue unachopata. Maua yatakuwa ya ule mti wa mbegu. Tumbo pia halitakuwa hili la duara. Kipande cha tawi kinatoa mizizi minene pembeni, na kwa miaka kadhaa kinakuwa na shina lililonyooka. Tumbo zuri linatoka kwenye mbegu.

Kama unayataka hata hivyo: chukua sehemu iliyokomaa, ya kijivu, unene unaozidi penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Toa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Kausha kivulini siku 4 hadi 7 mpaka mkato ukauke. Chomeka sentimita 5 kwenye mchanganyiko wa kokoto na vumbi la makumbi, nusu kwa nusu, funga kwa kamba kwenye kijiti usiyumbe, uweke kwenye mwanga bila jua kali. Unyevu kidogo tu. Mizizi ni wiki 4 hadi 6 wakati wa joto. Kipupwe hiki huenda ukangoja zaidi na theluthi ikaoza. Usivute kuangalia.

Kwa kikonyo chekundu, njia ni kubebesha juu ya mche wa mbegu. Mche uwe na shina la unene wa kidole, kikonyo cha unene huo huo, urefu wa sentimita 5 hadi 8, bila majani. Kata mche bapa, chonga kikonyo kiwe kabari, pasua mche katikati kina kinacholingana na kabari, ingiza. La muhimu ni ule ukanda mwembamba wa kijani chini ya ganda, wa huku na wa kule ugusane walau upande mmoja. Vikitofautiana unene, usiweke katikati, sogeza upande. Funga kwa ukanda wa nailoni kwa kukaza, funika kwa mfuko angavu usiogusa mkato, kivulini, na maji yasifike hapo. Kikibaki cha kijani baada ya wiki mbili na macho yake ya kuchipulia yakaanza kuvimba, kimeshika. Fungua mfuko kidogo kidogo, nailoni iache mwezi mzima. Kikigeuka cheusi, kata mche chini ya hapo na uanze upya. Fanya kuanzia mwezi wa tisa.

Mbegu: maganda yanatoka mawili mawili, yamechongoka, yanachukua miezi miwili hadi mitatu kukomaa. Mbegu zina manyoya ncha zote mbili, na ganda likipasuka upepo unaondoka nazo, kwa hiyo lifunge kwa uzi mara likianza kubadilika rangi. Bila wadudu wa kazi hiyo maganda hayatoki, utachavusha mwenyewe: chana ua upande mmoja, ndani kuna kibanda chenye umbo la pia kilichofungwa. Tenganisha vishina viwili vyake kwa kijiti cha meno, chavua ya njano iko upande wa juu kwa ndani, ichukue, kisha kwenye ua la mti mwingine iingize chini zaidi, ubavuni mwa kichwa chenye utando wa gundi. Ukiiacha juu ya kichwa haifanyi kitu, na ndipo wengi wanaposhindwa.

Zipande zikiwa mpya, zilazwe, zifunikwe kwa milimita 3 hadi 5 za mchanganyiko uliochekechwa. Kwa joto la nyuzi 27 hadi 30 zinaota siku ya 4 hadi ya 7. Miche michanga haipendi kukauka kabisa kama wakubwa wake, ila nyunyiza mankozebu hafifu wiki ya kwanza maana huoza shingoni ikaanguka. Ua la kwanza linaweza kuja kabla ya mwaka, au ukangoja miaka miwili.

kibaraza_tabata

Nimeelewa. Swali la mwisho: wiki na kitu imepita, kidonda kimekauka pembeni, pagumu, ila katikati bado panabonyea kidogo na pana unyevu. Nipande tu au ningoje?

fundi_miche

Usipande. Kata pale katikati milimita 2 au 3 kwa kisu kilichopanguswa. Ukikuta nyama nyeupe, ulipaka dawa nyingi ikazuia hewa. Futa, acha wazi, ngoja siku 7. Ukikuta hudhurungi, chonga mpaka iishe, hata kama tumbo litabaki nusu, na uhesabu siku 14 upya. Geuza mti kidonda kitazame upepo.